Sentensi Moja kwa Shida za Watu Wote

Kama ulikuwa na shida inayohitaji kuandikwa kwa Kiingereza, ulielekezwa kwa Karani. Ungemkuta kwenye duka la fotokopi, pale pembeni kati ya mashine kubwa na ukuta, ana meza yake ya mbao, kompyuta ya kuazima kwa mwenye duka, na shati lililonyooshwa kwa pasi mpaka mikono ikawa na makali. Alikuwa amestaafu ofisi ya maji miaka sita nyuma, lakini kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa jina tu. Kila asubuhi alitoka nyumbani saa ile ile ya zamani, na mkewe aliyedhani sasa atapata mtu wa kumsaidia kumenya vitunguu, akabaki na vitunguu vyake. Hakuwa mtu mbaya. Tuliseme hilo mapema, maana huko mbele mtamkasirikia, na mtakuwa na haki.

Alikuwa na sentensi moja aliyoipenda kuliko zote. Ilisema, "We are struggling to make ends meet." Kwa lugha ya nyumbani ni kwamba watu hawa wanajikongoja, wakivuta shuka huku miguu inabaki nje, na mwezi unawashinda kabla haujaisha. Sentensi hii aliipata kwa kuumbuka. Mwaka wake wa kwanza kazini aliikuta gazetini, akaona imekaa vizuri mdomoni, akaitia kwenye taarifa ya bomba lililopasuka, kwamba mafundi wanne walifanya hivyo kutwa nzima. Neno kwa neno inasema kukutanisha ncha, naye alidhani ni ncha mbili za bomba. Mkuu wa ofisi akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote, akacheka mpaka akavua miwani, na kwa miezi kadhaa Karani hakupita kwenye korido bila mtu kumuuliza kama ncha zimekutana.

Basi kijana akajifungia na kamusi. Alipotoka, hapakuwa na mtu mjini aliyeijua sentensi ile kumshinda. Alijua kwamba si ya aliyefiwa, wala ya aliyeibiwa, wala ya mgonjwa. Ni ya yule ambaye kinachoingia nyumbani kinakaribia kutosha na hakitoshi, mwezi nenda mwezi rudi. Alijua hata inapokaa ndani ya barua: baada ya idadi ya watoto, kabla ya ombi. Ukiitanguliza unaonekana mlalamishi, ukiichelewesha unaonekana umekumbuka shida njiani. Na kwa kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, Karani hakuthubutu tena kutunga sentensi nyingine ya shida. Hii ilikuwa sahihi. Ya nini kutafuta balaa?

Kwa hiyo ndani ya kompyuta ile kulikuwa na barua moja iliyohifadhiwa kwa jina la "Shida". Mteja akija, Karani aliifungua, akabadilisha jina, akabadilisha idadi ya watoto, akabadilisha ombi, akaipiga chapa. Wewe ungekaa mbele yake ukajieleza mpaka machozi yakakutoka, naye angetikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa, kisha angegeukia mashine akaandika kile kile alichomwandikia aliyekutangulia. Watu waliondoka wameridhika. Barua ilikuwa safi, ina mistari iliyonyooka, na hakuna mkubwa yeyote ambaye angeicheka.

Siku moja akaja shemeji yake. Huyu alikuwa mjane wa kaka yake mkubwa, fundi cherehani, anashonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na marehemu. Alikuja na binti yake wa pekee, wa miaka kumi na minane, na fomu iliyokunjwa mara nne ndani ya pochi. Shirika fulani lilikuwa linatafuta wasichana kumi na wawili wa kuwasomesha uuguzi mpaka mwisho. Alama binti alikuwa nazo. Kilichobaki ni ukurasa mmoja kwa Kiingereza, mzazi aeleze maisha ya nyumbani kwa msichana yakoje na kwa nini anataka kazi hiyo.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema binti.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Unakua hivi mpaka utagonga mlango?"

Binti akacheka, akakaa karibu na mashine, akawa anaangalia karatasi zinavyotoka. Alitaka uuguzi kama mtu anavyotaka maji. Mama yake alivuta kiti mpaka magoti yakagusa meza, akaanza kueleza.

"Shemeji, andika hivi. Mimi na mwanangu tuna jozi moja ya viatu vya kutokea. Bahati nzuri miguu inalingana. Siku za shule anavaa yeye, mimi nguo za wateja nazipeleka Jumamosi. Andika pia hayo magazeti ya zamani ninayokatia umbo la nguo, huyu anayasoma kabla sijayakata. Nikimwahi nikakata kola, habari imebaki haina mwisho, basi anaimalizia mwenyewe. Juzi kaniambia kuna mtu kafungwa maisha. Kumbe hukumu yenyewe iko kwenye kwapa la gauni la watu."

Karani alicheka. Hata mwenye duka alicheka kule kaunta.

"Halafu hili ndilo kubwa," shemeji akaendelea, na sauti ikashuka ili binti kule kwenye mashine asisikie. "Baba yake alipolala ile miezi mitano, aliyekuwa akimgeuza ni huyu. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, tungekula nini? Nesi alikuja mara moja, akamwonyesha jinsi ya kuosha vile vidonda vya mgongo. Mara moja tu, shemeji. Akashika. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mpaka baba yake anakata roho, hapakuwa na kidonda kilichonuka. Daktari mwenyewe aliuliza nani anamhudumia huyu mtu."

Hapo Karani akaacha kucheka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hilo haliandikwi," akasema, naye kwa sauti ya chini.

"Kwa nini?"

"Shemeji, unataka nimwandikie mtu baki kwamba mtoto wa kike alimwosha baba yake mzazi? Alimwona alivyo? Hiyo ni aibu. Na hayo ya viatu vya zamu, kaka yangu alikuwa mtu wa kuheshimika. Waseme aliacha watu wanaopokezana viatu?"

"Si ndivyo tunavyoishi?"

"Barua ina taratibu zake."

"Shemeji, mficha uchi hazai."

"Na mwenye kuuanika je?" alisema Karani. "Niachie mimi. Hii ndiyo kazi yangu. Wale wanataka lugha, hawataki simulizi za jikoni."

Tuseme ukweli hapa, kwa sababu yeye mwenyewe alichukua miaka miwili kuusema. Aibu ya marehemu ilikuwa nusu tu. Ile miezi mitano, nyumba ya kaka yake ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka kwake. Karani alikwenda Jumapili, si kila Jumapili, akakaa kwenye kiti cha barazani, akauliza mgonjwa anaendeleaje, akaambiwa, akaaga. Harufu ya dawa na kuugua kwa kaka yake vilimshinda, akasingizia mgongo. Sasa barua iandikwe kwamba mtoto wa miaka kumi na mitatu ndiye aliyemgeuza mtu mzima, na msomaji si atauliza huyu mtu hakuwa na ndugu? Swali hilo Karani hakutaka liulizwe, hata na mtu wa mbali asiyemjua. Akafungua "Shida", akabadilisha jina, akaandika mtoto mmoja, akaandika baba ni marehemu, akaacha sentensi yake mahali pake. Akaipiga chapa, akaisaini kwa niaba ya shemeji, na kesho yake akampa binti aipeleke.

Majina yalipotoka, kumi na mawili yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya shirika. Jina la binti halikuwepo. Lilikuwepo la msichana wa nyumba ya tatu kutoka kwao, ambaye alama zake zilikuwa chini na kila mtu alijua.

"Hapo kuna mkono wa mtu," Karani alimwambia shemeji yake, akiwa amesimama katikati ya chumba cha mbele. "Hayo mambo tunayajua sisi tuliokaa maofisini. Barua ilikuwa haina doa. Yule baba yake yule msichana, ulizia anakunywa chai na nani."

Alisema hivyo kwa kujiamini, kwa sababu aliamini. Barua isiyo na kosa ingeangukaje? Alisema tena sokoni, alisema tena kwenye arusi ya mpwa wake, na kila aliposema ilikuwa kweli zaidi.  Baada ya miezi michache shemeji alinunua cherehani ya pili, ya mtumba, akaiweka mkabala na ya kwanza. Binti akakaa. Mwanzoni alishona vifungo na upindo, mwaka ulipokwisha alikuwa anakata sketi. Mkono wake ulikuwa mzuri, wateja walimsifu, naye aliwashukuru kwa adabu.

Miaka miwili ikapita. Asubuhi moja mashine kubwa ya dukani ilikwama na karatasi za mama mmoja zikiwa ndani, nusu zimetoka, nusu zimemezwa. Mwenye duka akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akawa anaomba radhi. Mama yule, mtu wa makamo mwenye sweta la kijivu, akaombwa akae kwenye kiti cha wateja wa Karani. Akakaa. Macho yake yakaangukia barua iliyokuwa mezani ikisubiri mwenyewe. Akaisoma kama mtu anayesoma kibao cha barabara. Akatabasamu.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Mimi nani?"

"Mwenye hii sentensi. Samahani, mzee wangu. Mimi nafanya kazi kwenye lile shirika la kusomesha wauguzi. Barua za maombi nazisoma mimi na wenzangu wawili. Kila mwaka hii hapa tunaipokea. Mwaka juzi zilikuja hamsini na nane."

Karani akajiona kasifiwa. Akakaa vizuri. "Nadhani mmeona haina kosa."

"Haina kabisa. Tena imekaa mahali pake. Sisi wenyewe tukitaka kumwonyesha mtu jinsi ya kuitumia, tungemwonyesha hii."

"Sasa?"

Mama yule akamtazama, akaona kwamba mzee hajaelewa, na uso wake ukabadilika. Alikuwa mtu mwenye huruma, angependa kunyamaza, lakini alikuwa ameshaanza.

"Mzee wangu, barua hamsini na nane zikisema jambo moja, nimchague nani? Mimi natafuta mtu. Naona jina, naona idadi ya watoto, halafu naona hii. Siwezi kujua kama huyu analala na njaa au ameamua tu kujaribu. Tulifikiri kuna mtu anauza barua tupu, wao wanajaza majina. Tukaziweka kando zote. Hatukuzirudia."

"Zote?"

"Zote."

Karani akauliza, na sauti yake ikawa ndogo, kama anakumbuka msichana mmoja wa mtaa fulani aliyechukuliwa mwaka ule. Mama yule alikumbuka. Barua yake aliandika bibi yake, kwa mkono, Kiingereza cha kuokoteza, makosa hata hayahesabiki. Bibi alieleza kwamba upepo ukivuma msichana hupanda juu ya nyumba kukalia mabati yasiruke, na vitabu vyake anakwenda navyo huko huko juu, anasoma akiwa amekaa. Wasomaji watatu walipofika pale waliacha kalamu, wakaangaliana.

"Hakukuwa na mkono wa mtu?" aliuliza Karani.

"Mkono gani?"

"Nilikuwa nauliza tu. Na aliyekosa mwaka ule, anaweza kuomba tena?"

"Mwisho ni miaka kumi na tisa."

Binti alikuwa ametimiza ishirini mwezi uliopita. Karani mwenyewe alikula keki.

Mashine ikanguruma, karatasi zikatoka, mama akaaga kwa heshima zote. Karani aliketi. Mteja akaja, akaambiwa arudi kesho. Mwingine naye akaambiwa vivyo hivyo. Mwenye duka akamuuliza kama anaumwa, akasema ni mgongo, na aliposikia mdomo wake unasema mgongo, akaona haya peke yake. Siku tatu hakwenda popote. Alijiambia mengi: maji yakimwagika hayazoleki, kumwambia mtu jambo lililokwisha pita ni kumtonesha, na labda ilikuwa bahati yao. Siku ya nne hata yeye alichoka kujisikiliza. Akapiga moyo konde, akaenda.

Aliwakuta wote wawili kwenye mashine. Shemeji alikuwa na pini mdomoni. Binti akainuka kumpa kiti, akakataa, akasema atasimama, kisha akakaa. Akaeleza yote. Hakuruka kitu, hata zile hamsini na nane alizitaja. Akasema hapakuwa na upendeleo wala chai ya mtu. "Ni mimi niliyewaangusha. Mlinipa maneno nikayatupa, nikaweka yangu."

Shemeji akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. 

"Miaka miwili," alisema, "mama yake yule msichana nimemnyima salamu. Amefiwa na mdogo wake, sikwenda. Alinipungia mkono sokoni nikageuza uso. Mtu ambaye hakunikosea kitu."

"Nimekosa, shemeji."

"Mimi nilikuamini. Ulisema hiyo ndiyo kazi yako."

"Nilisema."

"Nilikwambia ya baba yake uandike."

"Uliniambia." Karani akainamisha kichwa. "Nilisema ni aibu ya kaka. Haikuwa ya kaka. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa barazani. Niliona mtu akisoma, atauliza mimi nilikuwa wapi."

Binti alikuwa ameacha kushona. Mguu wake ulikuwa bado uko kwenye kanyagio.

"Barua niliisoma njiani, baba mdogo," alisema. "Bahasha ilikuwa haijafungwa. Nikatafuta alipo baba, nikakuta neno moja tu, marehemu. Jioni nikamuuliza mama mbona ile miezi haimo. Akasema baba mdogo kasema ni aibu."

"Mwanangu..."

"Mimi nilikuwa sijui kama ni aibu. Nilikuwa mtoto, nesi alinionyesha, nikafanya. Nilikuwa nafikiri ni kitu kizuri. Niliposikia umesema vile ndipo nikaona kumbe watu wananitazama kama niliyefanya jambo lisilofaa. Nikasema hata bora sikuchaguliwa, ningekwenda kusema nini huko? Mwaka jana bibi jirani wa nyuma ya ukuta huu alipoanguka akalala kitandani, mwanawe wa kiume alikuja hapa kunibembeleza. Hajui kumgeuza mtu, alikuwa analia. Alisema amesikia kwamba mimi ninaweza."

 Shemeji alikuwa anamtazama binti yake, maana hili hata yeye hakuwahi kuambiwa.

"Nikamwambia amekosea nyumba," alisema binti. "Nikamwambia mimi ni fundi nguo."

Karani alitafuta la kumwambia, kwa lugha zote mbili alizozijua. Alitaka kusema kwamba kitendo kile ndicho pekee katika ukoo mzima ambacho mtu angeweza kujivunia, na kwamba yeye, mtu mzima, aliona wivu na hofu mbele ya mtoto wa miaka kumi na mitatu. Alifika kwenye "mwanangu" akakwama, akarudia "mwanangu", akakwama pale pale. Machozi yakamtoka, akayaacha yashuke.

"Yule bibi vidonda vilimwoza," binti akasema. "Nilikuwa naisikia harufu yake kupitia dirisha hili hapa, mpaka walipomzika."

Shemeji akanyanyuka, akaenda akafunga dirisha, ingawa hapakuwa na upepo. Aliporudi alipitia nyuma ya kiti cha binti yake, akamwekea mkono begani, akausahau pale. Mteja wa sketi alikuwa amesimama mlangoni akibisha hodi, na hakuna hata mmoja kati yao watatu aliyemkaribisha.